Uzi Niliopimia Safari ya Hodan

Begi jipya lina harufu yake. Ni harufu ya plastiki iliyokaa juani, ya gundi, na ya zipu ambayo bado haijazoea mkono wa mtu. Katika nyumba yetu ya Garissa kila kitu kilinukia uunsi wa Hooyo, ule ubani wenye sukari na manukato ambao mama yangu aliuchoma juu ya kaa la moto kila alasiri, hadi mito ya kulalia na mikate ya jana ikaunukia. Begi la dada yangu Hodan lilikataa. Lilikaa pembeni mwa chumba wiki mbili nzima, jeusi, limesimama wima kama mgeni aliyekataa kuketi, na kila Hooyo alipopitisha moshi karibu nalo, moshi ulizunguka tu ukaenda zake. Nilikuwa na miaka kumi. Nililala kitanda kimoja na Hodan, na usingizi uliponikosa nililitazama begi lile nikahisi kwamba nalo linanitazama. Asubuhi nilijicheka, maana mimi ni mtu wa kucheka upesi, lakini sikuwahi kuligeuzia mgongo.

Hodan alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na ndiye aliyenilea wakati Hooyo akishona. Alinifunga nywele, alinifundisha kuhesabu kwa punje za mchele, na nilipougua malaria alinibeba mgongoni hadi hospitali huku akinisimulia habari za mbuzi wetu Adey kana kwamba ni mtu wa ukoo. Mwaka ule aliozwa kwa kijana wa kwetu anayeishi Minneapolis, Marekani, mtu mpole mwenye sauti ya mafua kwenye simu. Nikaha ilifungwa, hati zikatoka, tiketi ikaja. Kilichobaki ni Hooyo. Alikuwa ameikubali ndoa bila kuikubali safari, na kwetu binti hatoki nyumbani kama mama yake hajamwombea dua kwa mdomo wake mwenyewe. Hooyo alikuwa amefunga mdomo. Kila tulipomgusia, alitaja safari yake moja kubwa, alipoletwa Garissa kuolewa kutoka kwao Lafey, kule mpakani. "Siku nne juu ya lori la mbuzi," alisema, "na mvua ikatukata katikati. Hiyo ni Kenya tu. Huko kwenu ni siku ngapi? Mtu akifa njiani mnamzika wapi, mawinguni?"

Hapo ndipo nilipoingia mimi na hesabu zangu. Nilikuwa mtoto wa kuota ndoto mchana kweupe. Niliamini kuna kazi duniani ya mtu anayekaa mahali akijua kila ndege iko wapi, na kwamba kazi hiyo inanisubiri. Ilikuwa likizo ya mwezi wa nane. Niliazima ramani kuu ya shule, iliyopasuka jangwani Sahara, nikaitandika sakafuni, nikachukua uzi mweusi wa cherehani ya Hooyo. Niliweka ncha moja Nairobi, Hodan akaishika kwa kidole, nami nikauvuta uzi juu ya Misri, juu ya Ulaya, juu ya bahari ya buluu, hadi kidoti kilichoandikwa Minneapolis. Kisha nikaupima uzi kwa rula, nikazidisha kwa kipimo kilichoandikwa chini ya ramani. Ulitoa karibu kilomita elfu kumi na mbili. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia kwamba ndege kubwa hukimbia kilomita mia tisa kwa saa, kwa hiyo nikagawanya, nikapata saa kumi na tatu na kidogo. Halafu nikaichukua karatasi ambayo Abti, yaani mjomba wetu, alikuwa ametuandikia kutoka kwenye tiketi: kuondoka Nairobi saa tano usiku, kufika Minneapolis saa sita mchana. Nikahesabu kwa vidole. Saa kumi na tatu. Uzi na karatasi vilikuwa vimesema neno moja bila kuambizana.

Katikati ya karatasi kulikuwa na mji mwingine, Amsterdam, ambao nao ulikuwa na saa zake mbili, ya kuingia na ya kutoka. Sikuujali. Nilijua basi la Nairobi husimama Mwingi watu wakachukua chai na sambusa. Nikaona na ndege nayo lazima isimame mahali watu wapate chai.

Jirani yetu Ayeeyo Dahabo, ambaye hakuwa bibi yetu wa damu ila kila mtoto wa bula, yaani mtaa wetu, alimwita bibi, alisimama mlangoni akanitazama nikiwa nimelala kifudifudi juu ya dunia. "Huyu anapima Marekani kwa uzi wa kushonea magauni ya dirac," alimwambia Hooyo. "Mwambie akimaliza anipimie na kiuno, nimenenepa." Lakini Hooyo hakucheka. Alichuchumaa, akauchukua uzi, akauzungusha kwenye kidole chake cha shahada. Ulizunguka mara tatu ukaisha. "Ni hii tu?" aliuliza. Nikamwambia ni hii tu, Hooyo, saa kumi na tatu, kwa muda huo lori la kutoka kwenu Lafey likiharibika halijafika hata El Wak. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yake yakiwa madogo na makali kama ya mtu anayenunua mbuzi. "Wewe huniambii uongo," alisema. Haikuwa swali. Jioni ile alimwita Hodan, akamwombea dua, akampulizia maji yaliyosomewa Kurani, kichwani, kifuani na viganjani. Kisha akaweka ahadi mbele yetu sote: Hodan akifika salama saa niliyoisema mimi, basi siku ya kuitwa Marekani ikija, na yeye atapanda ndege amfuate, pamoja nami. Nilijiona mrefu kama mnara wa msikiti.

Abti alimsindikiza Hodan hadi Nairobi kwa basi. Usiku aliotakiwa kuruka, Abti alipiga simu akasema Hodan ameingia ndani, amepunga mkono, haonekani tena, na kwamba betri yake inakwisha na kesho atarudi kwa basi. Asubuhi nilidamka nikachukua kipande cha mkaa, nikachora mstari mrefu kwenye geti letu la bati, na kila saa ilipopita nikakata alama. Saa kumi na mbili: yuko juu ya Sahara, pale palipopasuka. Saa mbili: yuko Ulaya, anakunywa chai. Saa nne: yuko juu ya bahari. Watoto walikuja kuuliza Hodan yuko wapi, na wakubwa nao, wakijifanya wanapita tu. Niliwajibu wote kwa uhakika wa mtu aliyeketi dirishani. Hooyo alipika wali wa nyama, akaiweka simu yake ndogo yenye tochi juu ya sinia, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma chenye matundu kama vile mtu anavyofunika maziwa.

Saa sita kamili nilikata alama ya mwisho nikasema, "Anatua sasa."

Ni vigumu kumweleza mtu asiyeijua Garissa jinsi saa sita ya mwezi wa nane inavyokuwa. Vivuli vinaingia chini ya vitu vyao na kutoweka. Punda wanasimama kama wamesahauliwa. Kuku wanafungua midomo bila kutoa sauti. Wazee wetu wanasema ndiyo saa ambayo wasioonekana hutembea, kwa kuwa hakuna kivuli cha kuwaumbua, na ndiyo maana watoto huitwa ndani. Mimi nilibaki getini. Muadhini aliadhini, watu wakaswali, sauti zikaisha. Kisha kikaja kimbunga chembamba cha vumbi, kirefu kuliko nyumba, kikapita njia yetu polepole kama mtu anayetafuta namba ya mlango. Mbele ya geti letu kilisimama. Naapa kilisimama. Kilizunguka palepale, kikavuta karatasi na majani, kikainua mkaa wangu kutoka chini, halafu kikaenda zake kuelekea mtoni. Nilipotazama bati, alama zangu zote zilikuwa zimefutika isipokuwa ile ya mwisho.

Nilikimbia ndani. Simu ilikuwa kimya chini ya kitambaa.

Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Wali ukapoa, mafuta yakaganda juu yake yakawa meupe. Tulipompigia Abti, simu yake ilikuwa imezimwa, yuko njiani huko Bangale au wapi ambako hata mtandao hauendi. Namba ya mume wa Hodan iliita, ikaita, haikupokewa. Juu ya paa la jirani walitua makorongo wawili wa jalalani, wale wenye vipara na mifuko shingoni, wakakunja mabawa yao wakatugeuzia nyuso. Makorongo wa Garissa ni wengi kuliko paka na siku zote niliwacheka, lakini siku ile sikuweza. Hooyo aliniita. "Hesabu yako inasema nini?" Nikaitandika ramani tena. Nikapima uzi tena. Nikagawanya tena, mara hii kwa kalamu, mara hii polepole, nikiomba Mungu nipate nimekosea. Kila nilipopima, uzi ulisema yaleyale. Saa kumi na tatu na kidogo. Sikuwa na pa kumweka dada yangu. Kama hesabu ni kweli, basi ameshafika, na kama ameshafika angepiga simu, na kama hajapiga, basi hayuko juu na hayuko chini. Nadhani ni siku ile nilipojifunza kwamba unaweza kumuua mtu kwa hesabu safi isiyo na kosa lolote ndani yake.

Alasiri Ayeeyo Dahabo alikuja na tasbihi yake ya mbegu. Alitazama huku na huku, akafunga mlango. "Maalimu wa msikitini asijue," alisema. Sote tulijua anachotaka kufanya. Ni faal, ramli ya wanawake wa kale, anayoijua yeye na labda wengine wawili mjini, na kila mmoja hukana. Hooyo, aliyekuwa hakosi swala, alitikisa kichwa kukubali bila kumtazama. Ayeeyo alizishika mbegu bila kuangalia, akazihesabu mbilimbili, akarudia mara tatu, midomo ikicheza. Kisha, kaa la uunsi likipasuka, akainua kichwa.

"Ninamwona," alisema. "Amekaa. Hatembei, lakini anakwenda. Jua limesimama juu yake, halisogei. Wamesali adhuhuri na bado ni adhuhuri. Chini yake ni weupe mtupu, mpaka mwisho wa macho."

"Weupe wa nini?" Hooyo aliuliza.

"Weupe tu. Kama kitambaa kipya."

Hakuna mtu wa kwetu anayeweza kusikia maneno hayo na asifikirie sanda. Na mahali ambapo jua halisogei, mtoto yeyote wa madrasa anapajua. Ni baada ya kaburi, watu wakisubiri kuitwa. Hooyo hakulia. Aliinuka, akachukua shungi la Hodan la rangi ya zabibu lililobaki msumarini, akalikunja mara nne, akaliweka chini ya mto wake mwenyewe. Halafu akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia akiuza nguo. "Alikuwa anapenda chai yenye tangawizi nyingi," alisema. "Alikuwa hawezi kulala na taa." Nilitaka kumziba mdomo. Alikuwa anamhamisha dada yangu, sentensi kwa sentensi, kutoka upande wa walio hai kwenda upande wa pili, na nilijua ni uzi wangu ulioonyesha njia. Nilikwenda uani nikakaa na mbuzi Adey hadi magharibi, nikiwa nimeshika sikio lake lililokatika.

Simu iliita baada ya isha. Hakuna aliyesogea. Ilikuwa chini ya kitambaa bado, na mwanga wake ulipenya kwenye mashimo ya nyuzi ukachora maua madogo ya buluu darini. Ayeeyo ndiye aliyenisukuma. Nilipobonyeza nilisikia kwanza upepo, kisha sauti yangu mwenyewe ikisema haloo, imerudi kutoka mbali na imechoka, kisha kimya cha pumzi mbili, kisha Hodan.

"Sahra? Nimefika. Mbona sauti yako hivyo? Mpe Hooyo."

Nilimwekea Hooyo sikioni. Hakusema karibu wala alhamdulillahi. Alisema, "Mbuzi wetu mwenye sikio lililokatika, jina lake nani?"

Pumzi mbili. Kisha kicheko cha Hodan, kilekile. "Adey, Hooyo. Umenisahau siku moja tu?"

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye ndege. Tulikaa mji wa katikati saa nyingi, halafu tukapanda nyingine. Hooyo, sijawahi kuona kitu kama kile. Jua halikusogea. Tulikula mchana, tukalala mchana, tukaamka na bado ni mchana uleule, jua palepale dirishani. Na chini ni barafu, nyeupe, nyeupe, haina mwisho. Hata sasa hapa ni mchana. Saa sita imepita kidogo."

Nilitazama mlangoni. Nje kulikuwa giza na nyota za Garissa, zile nyingi. Ayeeyo Dahabo alikusanya tasbihi yake, mbegu moja moja, akaitia kifuani, akatoka bila kuaga. Tangu siku ile hadi alipofariki sikumwona akiishika tena isipokuwa kwa kumtaja Mungu.

Abti alipofika alinieleza kwa subira, kwa kutumia chungwa na tochi ya simu, kwamba kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji wake, na kwamba Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa nane. Hodan alikuwa amesafiri saa ishirini na moja. Saa sita niliyoiandika getini ilikuwa ya kweli. Ila haikuwa yetu. Nilielewa palepale, maana si jambo gumu. Hooyo alisikiliza chungwa lote hadi mwisho, akasema sawa, akaenda kupasha wali moto. Lakini shungi hakulitoa chini ya mto.

Na kila Hodan alipopiga simu, kabla ya salamu, Hooyo alimuuliza swali. Nani alikuvunjia jino? Pazia la chumbani lilikuwa na maua ya rangi gani? Hodan alijibu, akicheka mwaka wa kwanza, akiguna mwaka wa pili, baadaye akijibu tu kama mtu anayeonyesha kitambulisho kwenye kizuizi cha barabarani. Nilipokuwa kidato cha pili, karatasi za Hooyo zilitoka. Zangu zingefuata, ndivyo tulivyoambiwa. Nilikuwa nimeshaacha kuhangaika na masomo, nilikuwa naota theluji. Hooyo aliziangalia karatasi, akazirudisha ndani ya bahasha. "Nilimzika mara moja, akanipigia simu," alisema. "Siendi kuangalia ni nani niliyempata." Nilimkumbusha ahadi yake. Alinijibu bila hasira yoyote, "Niliahidi akifika saa uliyosema wewe, Sahra." Hilo tu. Wala hakulitaja tena. Mimi nilikaa naye, nikajifunza kushona.

Sasa nina duka dogo karibu na soko, meza moja ya cherehani na nyingine ya simu, chaja na kuchapisha karatasi. Watu wa safari huja kwangu. Mama mmoja alitoka Ijara wiki iliyopita, mwanawe anakwenda Toronto, akaniuliza ni mbali kiasi gani. Siku hizi hata uzi hauhitajiki. Unaandika majina ya miji miwili tu na simu inakupa kilomita, saa za angani, na kindege kidogo kinachotambaa juu ya ramani, ukikigusa kinakuambia kiko wapi na kinakwenda kasi gani. Ile kazi niliyoiota ipo kweli, na inafanywa na simu. Niliwahi kuitafuta njia ya Hodan: karibu elfu kumi na tatu, uzi wangu ulipungua elfu moja tu, si mbaya kwa mtoto aliyelala juu ya Sahara iliyopasuka. Kila mtu ninamwandikia kwa mkono saa mbili, ya kwao na ya kwetu, ninaichorea duara ile ya kwetu, na ninamwambia, kabla ya saa hii usipike, na usimsikilize mtu yeyote.

Hooyo amezeeka. Sukari imemla macho, na mambo mengi yamemtoka kichwani. Mwezi uliopita Hodan alipiga, nikaiweka simu mapajani mwake ili sote tusikie. Hooyo alitafuta swali kwa muda, akirudi nyuma, nyuma, hadi akalifikia lile la kwanza kabisa. "Mbuzi wetu mwenye sikio lililokatika," alisema, "jina lake nani?"

Pumzi mbili zilipita, kama kawaida ya simu za huko. Kisha Hodan akajibu, kwa haraka, kwa sauti tamu isiyo na shaka yoyote, jina ambalo halijawahi kuitwa nyumbani kwetu.

Niliona Hooyo akilitafuta jina la kweli kichwani na asilipate. Mkono wake ulinipapasa, ukanipata mkononi, na vidole vyake vikauzunguka mkono wangu, mara moja, mara mbili, mara tatu. Nje ilikuwa saa sita na vivuli vilikuwa vimeingia chini ya vitu vyao.

"Sahra," aliniuliza, "wewe huniambii uongo. Ndiye?"

"Ndiye, Hooyo," nikasema. "Msalimie."